Risasi Zisizo na Risasi

Sijamsamehe yule bwana, na wanaonishauri nimsamehe hawajawahi kuibiwa Jumamosi yao. Nasema Jumamosi kwa sababu hiyo ndiyo aliyoniibia. Wiki nzima kazi yangu ni kuwageuza vitandani wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Barking, kuwaosha, kuwalisha, na kuitikia majina ya watoto wao waliokwisha kuwasahau. Jumamosi alfajiri nilikuwa naitia bunduki yangu ya upepo kwenye mfuko wake, napanda treni, nabadilisha West Ham, nashuka Stanmore mwisho wa reli. Kutoka hapo natembea mpaka kwenye malisho ya mama mmoja wa Kiingereza anayefuga farasi. Sungura wa porini walikuwa wakimchimbia mashimo, na farasi akitumbukiza mguu shimoni, mguu unavunjika. Kwa miaka kumi na moja mama yule alinipa ruhusa ya kuwawinda. Pale hakuna aliyeniagiza chai. Nilikuwa mwindaji, na chai nilikuwa naandaliwa mimi.

Huyo bwana nilimpeleka mwenyewe. Tulikutana kwenye msiba wa Mtanzania mwenzetu, tukagundua kuwa wote kwetu ni Handeni, naye alikuwa mgeni mjini, mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu. Kila tukionana ananiamkia shikamoo, ananiita kaka. Nikamfundisha kulenga, nikamtambulisha kwa mama, nikamwonyesha sungura hutokea upande gani upepo ukivuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile niliishona kwa mkono wangu.

Mambo yalianza kuharibika mbwa alipokufa. Mama alikuwa na mbwa mdogo mweupe aliyekuwa akilala kwenye kiti karibu na jiko. Mbwa akaacha kula, akaanza kupepesuka, na daktari wa wanyama alipompima damu akakuta risasi. Nilipomsimulia mke wangu, aliniuliza ni nani aliyempiga. Nikamwambia hakupigwa, ni risasi yenyewe, ile madini, ni sumu. Kiswahili chetu kimevipa vitu viwili jina moja: kinachotoka kwenye bunduki ni risasi, na madini yaliyokitengeneza nayo ni risasi. Tulicheka kidogo mimi na mke wangu, Mungu anisamehe, wala sikujua kuwa neno hilo lingekuja kunitia kitanzi.

Mbwa yule nilimuua mimi. Nilikuwa na desturi ya kuwapasua sungura palepale kwenye ua wa michongoma na kuwaachia mbweha utumbo. Risasi ikimpiga mnyama huacha vipande ndani ya nyama, na mbwa alikuwa akiokota alichokikuta. Mama alidhani amekula sungura aliyekimbia na jeraha. Sikumsahihisha. Nilimweleza ukweli mtu mmoja tu, tukiwa kwenye treni tunarudi, na mtu huyo mmeshamjua.

Siku hizo serikali ilikuwa imetangaza kuwa risasi za madini hayo zitaondolewa kwenye bunduki za marisau, zile zinazomwaga chembe nyingi kwa pigo moja, na kwenye bunduki kubwa za kuwindia. Sisi wa bunduki za upepo tuliachwa kando, na wengi tukashusha pumzi. Mama hakuingoja serikali. Alituita jikoni akasema kwenye ardhi yake haitaingia tena lead, ndiyo hayo madini, iwe ya bunduki kubwa au ndogo, na atakayeiingiza ataondoka siku hiyohiyo.

Basi tukahamia kwenye risasi za bati. Ambaye hajazipiga anadhani ni kubadilisha kopo tu. Bati ni jepesi. Linatoka mbio kisha linachoka njiani, na upepo kidogo tu unalisukuma pembeni. Bunduki yangu ya zamani, ambayo kwa hatua arobaini ilikuwa inapiga palepale nilipotaka, sasa ilikuwa inatapanya kama mtoto anayekula wali. Nilijaribu aina nne kabla ya kupata moja ambayo mtutu uliikubali. Kwa miezi miwili sikupiga kiumbe, nilipiga karatasi tu. Kisha nikajifunza kuwinda upya: kutambaa kwa tumbo kwenye majani yenye umande, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mpaka nimfikie sungura kwa hatua ishirini, na kumwacha aende kama hapakuwa na njia ya kumkaribia. Nilirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi. Sikunung'unika, maana nilijua deni langu kwa mbwa yule.

Mwenzangu hakuwa na subira hiyo. Alijeruhi sungura wawili kwa siku moja, wote wakaingia mashimoni. Nikamwambia, mbele ya mama, tena kwa Kiingereza ili mama asikie, kwamba asiguse kiumbe mpaka aweze kupiga kizibo cha chupa kwa hatua ishirini. Mama alicheka. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichonichimbia kaburi. Ningeweza kumwambia pembeni, kwa Kiswahili, nami sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka mama ajue bingwa ni nani.

Wiki iliyofuata mwenzangu alinipigia kulalamika kuwa risasi za bati zimemwishia. Nikamwandikia ujumbe: "Usinunue risasi, ninazo tele, njoo tugawane." Maneno sita, ya kumsaidia. Akaenda nayo kwa mama, akamwonyesha neno risasi, akamwambia alitafute mwenyewe kwenye kamusi ya simu. Kamusi ikaandika lead kwanza, bullet ikafuata nyuma.

Mama alinipigia nikiwa kazini, nimesimama kwenye korido na chombo cha haja cha mzee mkononi. Nikamweleza kuwa neno lile lina maana mbili. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, kwamba amelisoma mwenyewe na asingependa nije tena. Nilisikia jinsi nilivyosikika: mwizi anayefundisha sarufi. Nilipompigia yule bwana, hakukana. "Kaka, mimi nimemwonyesha tu. Permission ni yake, anampa anayemtaka."

Miezi minne nilikaa na kisasi tumboni. Nilikilisha, nikakinywesha. Nikiwa namkata mzee kucha namwona yule bwana amelala kifudifudi kwenye majani yangu. Mke wangu alinisihi niache. "Hasira hasara, baba," aliniambia. "Viwanja viko vingi." Havikuwa vingi. Nenda ukagonge mlango wa mkulima wa Kiingereza, na uso wangu huu, uombe kuingia kwake na bunduki, kisha uje uniambie.

Halafu akafanya kosa. Aliniletea sungura. Sikuwepo, alimkabidhi mke wangu mlangoni, mnyama mzima na ngozi yake, akasema, "Mpe kaka salamu zake, nimeona kitoweo kisimpite." Mke wangu alikuwa ameshateleka maji. Nilisimama jikoni nikimtazama yule sungura kwa muda mrefu, na nilichokuwa nacho si njaa. Halafu nikaona amepigwa begani, pigo la mbali, la mtu asiyetambaa. Nikachukua kisu. Chini ya mfupa nikaikuta risasi imebonyea, nyeusinyeusi, laini kiasi cha kuingia ukucha. Bati haliingii ukucha namna ile.

Sikutaka kwenda na ukucha wangu kama ushahidi. Nikaenda Kingsbury kwa sonara mmoja mzee, Mhindi mzaliwa wa Tanga, nikampa ile ya kwenye nyama na moja yangu ya bati. Akaziweka kwenye mzani wake wa dhahabu. Yangu ilikuwa nyepesi mno mbele ya ile nyingine. Kisha akaikwaruza kila moja kwenye karatasi nyeupe: ya bati ikaacha mstari wa kutafuta kwa macho, ile ya sungura ikachora kama penseli.

"Hii risasi hii," akasema.

"Zote risasi, mzee."

"Hapana bwana. Hii ni risasi-risasi."

Ningembusu. Nikamwomba ile karatasi.

Jumamosi hiyo nilifika Stanmore saa tatu asubuhi, wakati ambao nilijua yule bwana yuko bondeni. Mama alikuwa kwenye zizi, miguuni mwake kuna mbwa mchanga mpya, mwenye masikio makubwa. Nikampa bahasha yenye ile risasi na karatasi ya sonara, nikaeleza kwa maneno machache. Akaenda kwenye ukingo wa malisho akamwita.

Alikuja na sungura wawili mkononi. "Shikamoo kaka," akasema. Sikuitikia. Mtu wa kwetu anajua maana ya kuachiwa shikamoo ining'inie hewani, na niliona imemfika. Mama akamwomba kopo lake la risasi. Kopo liliandikwa lead-free, yaani hazina madini hayo, herufi kubwa za kijani. Akamimina juu ya pipa la chakula cha farasi, akachukua moja, akaikwaruza kwenye bahasha yangu. Ikachora. Mimi nilikuwa simtazami mama, namtazama yeye, sikutaka kope yake hata moja inipite. Ilikuwa tamu. Sitawadanganya kwamba haikuwa tamu.

Ndipo yule bwana akaongea, kwa Kiingereza kilichotulia kuliko nilivyowahi kumsikia. Alimwambia mama aniulize mimi ni nani aliyekuwa akiacha utumbo kwenye michongoma, ule aliokula yule mbwa wa kwanza.

Mama akanigeukia. Ningeweza kukana, lilikuwa neno lake dhidi ya langu, na lake lilikuwa limetoka kuvuliwa nguo. Lakini macho yangu yalikwenda kwa kile kibwa kidogo, nikachelewa kuyainua.

"Ulikuwa unajua," mama akasema. "Ulikaa jikoni kwangu, ukanywa chai, na ulikuwa unajua."

Nikamwambia ndiyo.

Akamnyanyua mbwa akamkumbatia. Akatuambia tuondoke wote wawili, na kwamba hapo hakuna atakayewinda tena, wa bati wala wa nini. Mashimo atayafukia kwa mkono wake. Hakupaza sauti. Alifunga mlango wa zizi nyuma yake, na hiyo miaka kumi na moja ikaishia hapo.

Tulirudi kituoni kwa barabara moja, maana hakuna nyingine, na treni iliyokuwa inangoja ilikuwa moja. Alikaa mbele yangu. Tulipopita Kingsbury akaniuliza, "Sasa kaka, umefaidika nini?"

"Bora tukose wote," nikamwambia.

Jumamosi iliyofuata niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, kabla sijakumbuka. Nikaenda jikoni nikawasha birika, nikakaa na miguu mitupu sakafuni. Huzuni ya yule mama ilikuja, siwezi kusema haikuja, na mbwa wake wote wawili wakaja nayo. Lakini si hiyo iliyonipa joto asubuhi ile ya baridi. Nilijua kuwa naye ameamka, na hana pa kwenda.