Viti Arobaini Vilivyokwenda Kazini

Mimi ni karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya wilaya yetu, na naomba niseme mapema kwamba siwapendi wageni wanaokuja kutazama maendeleo. Wakija wao, kazi inalala. Mtoto anaweza kuzaliwa, akaota meno, akaanza kukimbia, na mimi bado niko ukumbini napiga makofi. Lakini habari hii si yangu. Ni ya mhudumu wetu wa ukumbi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye mji mzima unamwita Mama Viti. Hata mumewe anamwita hivyo, tena kwa woga.

Vita vilipokwisha, ofisi yetu ilikuwa kuta nne na majivu. Serikali ilikuwa bado haijarudi. Ilikuwa njiani, na sote tunajua serikali ikiwa njiani inavyokwenda. Asubuhi moja mama huyu akaingia na ufagio wake wa nyumbani, akaanza kufagia. Hakutumwa, na hapakuwa na wa kumtuma. Nilipofika mimi wiki tatu baadaye, nilikuta sakafu safi na yeye amesimama mlangoni.

"Wewe nani? Na hiyo miguu umeipangusa?"

Hivyo ndivyo nilivyopokewa katika utumishi wa umma. Tangu siku hiyo ni miaka tisa, na miaka yote tisa Mama Viti amekuwa kibarua. Barua ya ajira hakuwa nayo. Kila mkurugenzi aliyekuja alimwahidi, na kila aliyehamishwa alihama na ahadi yake.

"Mwanangu," aliniambia siku moja akifuta dirisha langu, "mimi sitaki makubwa. Nataka karatasi yenye jina langu na muhuri, basi. Ili siku moja mtu asije kusema sikuwapo."

Sasa, nchi yetu ilipotulia kidogo, mataifa ya nje yakaja kutushika mkono. Ukaanzishwa Mpango wa Utulivu na Utawala Bora. Wafadhili wake walikuwa wengi, ila kwetu walifika wa makundi mawili. Wa kwanza walikuwa na nembo ya bluu, wa pili ya kijani, na majina yao yalikuwa marefu mno, kwa hiyo tuliwaita Bluu na Kijani. Bluu wakatupa viti arobaini vya plastiki nyeusi. Mwezi uliofuata Kijani nao wakatupa viti arobaini vya plastiki nyeusi. Walivinunua duka lile lile, kwa mfanyabiashara yule yule, ambaye sasa ana nyumba ya ghorofa. Tofauti ilikuwa kibandiko tu mgongoni mwa kiti: MSAADA WA UTAWALA BORA, HAIUZWI, cha bluu au cha kijani.

Bluu wakija, walitaka kukalia vya Bluu. Kijani vivyo hivyo. Kwa hiyo Mama Viti akawa anatoa arobaini na kuingiza arobaini, mara nne kwa mwezi, mpaka kiuno kikamwambia basi. Ndipo akakaa akafikiri, jambo ambalo katika ofisi yetu halikuwa la kawaida. Viti ni ndugu mapacha, kwa nini avihamishe viti? Akabandua vibandiko vyote themanini kwa maji ya moto, akavikausha, akavipanga katika makopo mawili. Tangu hapo viti arobaini vilikaa ukumbini muda wote. Akija Bluu, anabandika vya bluu kwa utepe wa gundi. Akija Kijani, anabandua, anabandika vya kijani. Dakika kumi na tano, kazi imekwisha.

Mimi nilijua. Nilikuwa nakata utepe.

Vikabaki viti arobaini vya ziada, na hivyo akavipeleka kazini. Nyuma ya ofisi kuna ghala la zamani la mahindi, na humo linakutana baraza la mashamba. Wakati wa vita watu walikimbia, wengine wakalima mashamba ya waliokimbia, waliokimbia wakarudi, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Baraza lilikuwa na mabenchi sita. Wa upande huu wa mji hawakukubali kukaa benchi moja na wa upande ule. Wakigawiwa mabenchi, waligombea lipi liko mbele. Miezi minane kesi haikusikilizwa hata moja, kwa sababu watu walikuwa hawajamaliza kugombana namna ya kukaa. Mama Viti akaingiza viti arobaini, kila mtu na chake, akavipanga duara. Wakakaa. Kesi zikaanza. Hakumwomba mtu ruhusa wala hakuandika popote.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ulipotangazwa ukaguzi. Mpango ulikuwa unamleta mtaalamu wa kuhakiki nafasi zote za kazi na mali zote za msaada. Nafasi itakayoonekana ina faida, mwenye nayo anapewa barua ya ajira. Isiyo na faida inafutwa. Na mali ikipungua, aliyeitunza anakwenda nyumbani.

Mama Viti aliposikia, alikaa kwenye ngazi za ofisi akashika tama. "Barua yangu hiyo hapo mlangoni," alisema, "na viti vyangu hivyo hapo ghalani. Nikivirudisha, wale watu watasimama. Unawajua. Wakisimama hawakai tena."

"Virudishe siku moja tu, mama," nikamshauri. Mimi ni mtu wa kujihami, sifichi.

"Siku moja ndiyo hiyo watakayovunjana vichwa."

Hata hivyo tulikuwa na matumaini. Bluu waliandika kwamba watakuja Jumanne pamoja na mtaalamu. Kijani waliandika kwamba watakuja Jumatano, na mtaalamu angebaki nao. Jumanne tungeonyesha bluu arobaini, Jumatano kijani arobaini. Lingekwenda vizuri kabisa, kama jamaa hao wasingeamua kuratibu juhudi zao.

Jumanne saa tatu kasoro dakika kumi, magari saba meupe yakaingia uani. Katika matatu walishuka Bluu. Katika matatu mengine walishuka Kijani. La saba lilikuwa la maji ya chupa. Mkurugenzi wetu, mtu wa tumbo na tai, alitoka mbio kuwapokea, huku Mama Viti akinivuta shati.

"Ishirini bluu, ishirini kijani. Upesi!"

"Utepe umekwisha, mama!"

Kweli ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyekumbuka, na lawama hiyo naibeba mimi. Mama Viti hakupoteza muda kunitukana, alinitukana akiwa anakimbia. Alirudi na sufuria ya unga wa ngano uliokorogwa kwa maji, tukapaka kwa mikono, tukabandika. Haraka ile haikutupa nafasi ya kuzunguka nyuma ya viti, tukabandika kwa mbele, pale pa kuegemea, unga ukiwa pande zote mbili na maandishi yakitazama kiti. Wageni waliingia tukiwa bado tunajifuta vidole kwenye nguo.

Hotuba zilikuwa sita. Ukumbi ulikuwa wa moto. Wageni wakaegemea, unga ukashika. Mkurugenzi wetu ana tabia ya kusinzia kwa kuteleza taratibu kwenye kiti, na siku hiyo aliteleza na kibandiko chake, mpaka kikafika mahali ambapo heshima inanizuia kupataja.

Kisha wakaambiwa wasimame kwa picha ya pamoja.

Jamani, niliona. Watu ishirini na wanane wamegeuka kuelekea mpiga picha, na kila mgongo una maandishi. Mkuu wa Kijani alikuwa na kibandiko cha bluu katikati ya koti lake zuri la kijivu. Mkuu wa Bluu alikuwa nacho cha kijani, kimepinda. Na Mkurugenzi, alipoinama kuokota kalamu, akatuonyesha sote kwa herufi kubwa: HAIUZWI. Mhasibu wetu alicheka mpaka akatolewa nje akisaidiwa na askari wa zamu, ambaye naye hakurudi.

Mkuu wa Bluu alikibandua kibandiko cha Kijani mgongoni mwake, akakitazama, akamtazama mkuu wa Kijani, kama vile mwenzake ndiye aliyempiga nacho. Walianza kunong'onezana kwa lugha yao, na ule unong'onezaji haukuwa wa mapenzi.

Mtaalamu peke yake hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa nchi jirani, amevaa raba, ana kifaa cha kusomea namba zilizochongwa chini ya viti. Namba hizo hatukuwahi kuziona. Alipiga magoti, akasoma kiti kimoja, viwili, vyote.

"Hapa vipo arobaini," alisema. "Orodha inasema themanini. Vingine viko wapi?"

Mkurugenzi akamwelekezea kidole Mama Viti bila hata kumtazama. Mimi nilitazama viatu vyangu, na mpaka leo naona aibu.

"Viko kazini," alisema Mama Viti.

"Kazini wapi?"

"Njoo uone, dada. Ila ukifika usipige kelele, wanasikilizana."

Msafara mzima ukamfuata mpaka ghalani. Ndani palikuwa na watu arobaini wamekaa duara. Mwenyekiti wa baraza ni mwamuzi mstaafu wa mpira, anaendesha kesi kwa filimbi. Mbele yake walikuwa mjane mmoja mkulima na dereva mstaafu wa lori. Mjane alikuwa amekimbia vita, dereva akajenga choo shambani mwake, na sasa mama karudi.

"Choo ni changu!" alisema dereva. "Matofali yangu, bati langu!"

"Na shimo ni langu," alisema mjane. "Chukua choo chako, niachie shimo langu."

Mtaalamu alikohoa. "Samahanini. Naomba msimame kidogo nihakiki viti."

Hakuna aliyetikisika. Mwamuzi alipuliza filimbi, akamnyooshea mkono mtaalamu kana kwamba amecheza rafu.

"Mama, hapa hasimami mtu," alisema. "Hawa niliwakalisha kwa miezi minane. Nikiwasimamisha leo, nitawakalisha lini?"

"Mimi sisimami yeye akiwa amekaa," alisema dereva.

"Na mimi nisimame ananiona?" alisema mjane.

Mtaalamu akatazama duara lile, upande huu na upande ule, magoti kwa magoti. Kisha akakunja mikono ya shati, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya ghala, akaanza kutambaa chini ya viti, kimoja baada ya kingine, watu wakiinua miguu apite na kesi ikiendelea juu yake. Alipofika chini ya kiti cha mjane, shauri la choo lilikuwa limefikia nusu kwa nusu: kuta za dereva, shimo la mjane, na ufunguo utunzwe na mwamuzi. Alipotoka upande wa pili, nywele zimejaa pumba za mahindi, kifaa chake kilikuwa kimesoma arobaini kamili.

"Kifaa kinaniuliza hali ya mali," alisema. "Nichague nzima, mbovu au imepotea."

"Andika vimekaliwa," alisema Mama Viti.

Mtaalamu akaandika hivyo hivyo kwa kalamu pembeni ya orodha. Akamwuliza Mama Viti kazi yake inaitwaje. Mama Viti akainama, akaanza kuokota pumba za mahindi sakafuni. Basi nikasema mimi, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu: "Ndiye aliyeifungua ofisi hii. Sisi wengine tulimkuta."

Barua ilifika baada ya majuma matano. Ilikuwa na jina lake lote na muhuri. Alitaka nimsomee kwa sauti mbele ya ofisi nzima, nami nikasoma, naye akalia waziwazi bila kujificha, na mhasibu akalia, na mimi vilevile. Kisha nikafika aya ya mwisho, nikasita.

"Soma," alisema.

"Inasema... utakuwa katika majaribio kwa miezi sita. Serikali itaangalia mwenendo wako kabla ya kukuthibitisha."

Miaka tisa, halafu majaribio. Nilitaka kuichana. Mama Viti akafuta machozi kwa kanga, akaikunja barua vizuri, akamgeukia Mkurugenzi.

"Sawa. Miezi sita hainishindi," alisema. "Na mimi nitawajaribu nyinyi, kuanzia kesho, nione kama mnafaa."

Huu ni mwezi wa nne. Mkurugenzi anafika saa moja na nusu, anapangusa miguu mlangoni, na bado hajathibitishwa.