Namba Ambayo Mjomba Aliiita Tasa

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Ngokolo kiangazi kile cha miaka ya thelathini, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na upepo ukiingiza vumbi hadi vyunguni. Mkaangaji alikuwa Bi Zuhura, mke wa mjomba wangu, mzaliwa wa Didia. Mama yangu aliitwa Mama Idi, kwa jina la kaka yangu, na majirani wote walikuwa Mama fulani. Bi Zuhura peke yake aliitwa kwa jina lake, maana katika ndoa yao mtoto hakupatikana.

Mjomba alikuwa karani wa duka, mpenda hesabu, na jioni alinifundisha kugawanya. Siku moja aliandika kwenye kibao changu 10,001: elfu kumi, na moja juu yake. "Hii ni tasa," akasema. "Igawanye kwa namba yoyote, isipokuwa moja na yenyewe, lazima kitu kibaki." Kisha akamtupia mkewe jicho, akaongeza, "Kama wengine humu ndani." Bi Zuhura aliendelea kupepeta karanga zake.

Asubuhi akaniuliza, "Mayu, mjomba wako amezijaribu zote?" Aliniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowabembeleza mabinti. Nikamjibu sijui. "Basi tujaribu sisi." Tukajaribu, mimi nikiandika, yeye akikumbuka tulipoishia: saba, kumi na moja, kumi na tatu, tukazidi kupanda siku baada ya siku. Kila mara kitu kilibaki, naye akisema tu, "Twende mbele." Tulipofika sabini na tatu, ikaingia mara mia moja thelathini na saba. Hakikubaki kitu. Bi Zuhura alipiga kigelegele hadi Mama akatoka mbio uani kuuliza nani kajifungua.

Mjomba aliporudi aliikagua hesabu kwa muda mrefu. "Kweli," akasema, "mimi niliishia njiani."

"Na mimi je, Bwana?" Bi Zuhura akamuuliza taratibu. "Mimi una hakika nami?"

Mjomba alifuta kibao kwa kiganja, akaenda zake msikitini.

Kabla ya mvua kuanza alimpa talaka, na kaka zake wakaja kumchukua. Mjomba akaifuata dhahabu Geita, akaoa tena, na baadaye akaoa wa tatu, hakuna aliyemzalia. Habari za Bi Zuhura zilinifikia nikiwa tayari mke wa mtu. Wanaume waliokwenda Didia kumposa aliwakatalia wote. Aliwaambia yeye ni tasa, kasema mumewe, na mumewe ni mtu wa hesabu.

Mwaka huu mjukuu wangu alikwenda hospitali kwa sababu mtoto alichelewa kupatikana. Nikamuuliza kama mumewe naye alipimwa. Akacheka, "Bibi, tulipimwa wote, sasa yeye angeachwaje?" Nilijaribu kucheka naye, nikashindwa.