Mlango wa Bafu na Chai ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku mama mkwe wangu alipokataa chai yangu mara tatu. Mara ya kwanza alisema ameshakunywa kwake. Mara ya pili akasema kuna joto. Mara ya tatu hakusema kitu, aliweka tu kiganja juu ya kikombe, na mimi niliyekaa mbele yake kwenye kiti changu kikubwa nikawaza, kumbe huyu mama ana maringo hivi!

Mwanangu, umekuja na simu yako kunionyesha picha. Bafu jeusi, bafu jeupe, bafu lenye mishumaa kana kwamba kuna mtu amelazwa humo anaombewa. Unataka nikujengee bafu la kutuliza moyo. Vizuri, umefika penyewe. Kutoka hapa Ishiara mpaka Gachoka, uliza ni fundi gani anajenga bafu mtu akaingia na hasira zake akatoka akiimba, utaelekezwa kwangu. Sijigambi. Haya, najigamba kidogo, na nina haki. Lakini jina hilo nililipata kwa kuaibika kwanza, kwa hivyo weka simu chini unisikilize kabla sijashika mwiko.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa fundi wa mawe, kijana, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimemaliza nyumba yangu mwenyewe, na upande wetu huu hakuna aliyekuwa na bafu na choo ndani ya nyumba isipokuwa mimi. Wengine wote walikuwa na choo cha shimo kule chini ya shamba, na bafu la mabati na magunia. Mimi nilienda mpaka Embu mjini nikaleta vigae vya kung'aa, sakafu na kuta zote. Ukiinama unajiona meno. Nikaweka kioo kikubwa. Halafu, mwanangu, sikia ujinga: mlango wa bafu niliuweka sebuleni, ukaangaliana na viti vya wageni. Na sikuufunga. Jumapili watu wakitoka kanisani walipita kwangu kuamkua, na macho yote yanaenda kule kwa vigae. Nilikuwa nafurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Mke wangu Wawira aliuliza mapema, wakati msingi bado ni mtaro. Aliniambia polepole, "Baba Mugo, huu mlango si uangalie nyuma?" Nikamjibu, "Wewe pika, mimi nijenge." Maneno hayo nikiyakumbuka hata leo masikio yananiwaka moto. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na mimi nilijikwaa vyote viwili.

Sasa, mama yake Wawira alianguka akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitalini daktari alisema jambo moja waziwazi: huyu mama asichuchumae kabisa mpaka mfupa ushike, na asipande wala kushuka mteremko. Kwake Gachoka kulikuwa na choo cha shimo, tena mbali, na njia ya mawe. Alikuwa mjane na Wawira ndiye binti pekee. Basi ikaamuliwa atakaa kwetu mpaka atembee. Nyumba yenye choo cha kukaa ni yangu. Nilijiona mkombozi.

Alifika asubuhi akishikiliwa mkono, na fimbo, amevaa kitenge chake kizuri. Tulimkalisha sebuleni. Na mimi, mwanangu, nikakaa. Nilikaa pale nikingoja aseme kitu kuhusu bafu langu. Mlango niliuacha wazi wote. Chai ikaja zile mara tatu, akakataa. Uji ukaja, akakataa. Maji pia. Saa sita ikafika, saa nane ikafika, jua la huku unalijua, na mama wa watu amekaa wima jasho linamtoka, fimbo ameikamata kwa mikono miwili. Saa tisa akamwita Wawira, akamnong'oneza, na Wawira akaenda jikoni akaanza kulia. Mama alitaka kurudishwa kwake.

Shangazi yangu Igoki alikuwa amekuja kumpa pole mgeni. Tulimwita Tata, ndivyo tunavyoita shangazi kwetu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwa akisema jambo mara mbili. Alinivuta shati mpaka nyuma ya jikoni.

"Njeru," akasema, "tangu asubuhi huyu mama hajaenda haja. Unajua?"

Nikasema bafu liko wazi, aende tu.

"Aende wapi? Apite mbele ya mkwe wake na fimbo, afunge mlango ukiwa umekodoa macho, na ukuta wako haujafika hata juu, kila kitu kisikike? Wewe ungeenda mbele yake?"

Ni kweli ukuta ule niliukomesha kichwani pa mlango, nikaona pale juu patapitisha hewa. Na wewe mwanangu, nyinyi wa siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe zenu na kupiga picha, sawa, Mungu awabariki. Lakini kwetu Mbeere mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa kuachiana nafasi. Mama mkwe kuinuka mbele yako aende chooni, nawe unamwona, hilo halikuwepo. Afadhali aumie. Na aliumia, tangu asubuhi mpaka alasiri, ndani ya nyumba yangu, akikataa hata maji ili asije akahitaji kuinuka.

"Umejenga bafu la macho ya watu," Tata akasema. "La mwili wa mtu hujajenga. Chukua kofia utoke hapa, usirudi mpaka jua lizame."

Nikatoka. Nilizunguka sokoni kama mbuzi aliyepotea. Niliporudi jioni nyumba ilikuwa kimya. Tata akanieleza: nilipotoka tu, mama alikuwa ameenda bafuni akishikwa na Wawira, akateleza kwenye vile vigae vyangu, na kama si binti yake kumdaka nyonga ile ingevunjika tena. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Wawira alimchukua akaenda naye Gachoka kumuuguza huko, pamoja na mtoto wetu. Alimwachia Tata ujumbe mmoja: mama hawezi kupona katika nyumba ambayo mwenyewe lazima afukuzwe ndipo mgeni ajisaidie. Na kule kwao kulikuwa kunamngoja choo cha kuchuchumaa na ule mteremko. Kama mfupa ungekataa kushika, angebaki wa kitandani, na ni mimi ningekuwa nimemweka hapo.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu alikuja, nusura nimmalize. Usiku ule sikula, nililia, nakwambia ukweli.

Asubuhi nilichukua nyundo nikaanza na vigae. Majirani walisimama barabarani wakicheka. "Njeru, umekosana na nani humo ndani?" Niliendelea kuvunja. Halafu nikamfuata Tata Igoki nikamwomba kitu ambacho sijawahi kumwomba mtu: aje akae. Nilimletea kigoda na fimbo, nikamwambia, kaa kama mtu mwenye nyonga mbovu, inuka, geuka, tafuta sabuni. Na mimi nikapima kwa kamba. Mkono wake unafika wapi akiwa ameketi. Anashika wapi anapoinuka. Macho yake yanaenda wapi akitulia. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimepima kuta na mabati ya watu, mtu mwenyewe sikuwa nimempima hata siku moja. Tata aliniambia, "Leo ndio umeanza kazi." Kuuliza si ujinga, mwanangu, ujinga ni ule wangu wa kumwambia mke apike.

Mlango niliuziba kule sebuleni, nikafungua mwingine upande wa nyuma, kwenye baraza ya vyumba vya kulala, na mbele yake nikajenga ukuta mfupi, mtu akiingia hata aliye uani hamwoni. Ukuta wa ndani niliupandisha mpaka kwenye paa, mawe mazito, nikaupiga lipu pande zote mbili. Sakafu nilimwaga saruji na kabla haijakauka nikaichora kwa ufagio, ikakwaruza kidogo, wayo ukashika. Kando nikajenga benchi la mawe, juu nikaweka ubao wa mukau, mti wetu wa huku ambao mchwa hauwezi, nikausugua mpaka ukawa laini kama kiganja. Chuma cha kushikia nikakiweka pale kamba iliposema. Sabuni, maji ya moto kwenye beseni, taulo, vyote vikawa mahali mkono unafika bila kuinuka. Kuta nikazipaka rangi ya udongo wetu. Kioo nikakitoa, mgonjwa hahitaji kujitazama.

Na dirisha! Hapa nisifu, acha nisifu. Nililivunja na kulijenga mara tatu. Nililitaka liwe juu kiasi kwamba aliye nje haoni kitu, lakini aliyeketi benchini aone mlima wa Kiang'ombe wote na mawingu yake, na upepo wa jioni umfikie shingoni. Tata aliketi, akaegemea ukuta mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwite mke wako."

Walirudi siku ya kumi na moja. Mimi niliwaamkua nikiwa mbali, pale langoni, nikashika jembe nikaenda zangu shamba la ndengu. Niliporudi nilikaa sebuleni nikanawa mikono. Wawira akaja kutoka nyuma, macho yanamng'aa, akaniambia, "Mama yuko bafuni. Anaimba."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Hatua sita tu kutoka kwangu mama wa watu anaimba, na mimi sisikii hata sauti moja! Mwanangu, nimejenga makanisa, nimejenga shule, watu wamenisifu kwa vipaza sauti. Sijawahi kujivunia kitu kama ule ukimya. Nilimwambia Wawira, "Ulisema mlango uangalie nyuma. Ulisema ukweli, na mimi nilikuwa mjinga." Alicheka, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kujenga.

Mama mkwe alikaa kwetu miezi minne. Alianza na fimbo na mkono wa Wawira, ikabaki fimbo peke yake, na mwishowe fimbo ikawa ya kufukuzia kuku. Siku moja kabla ya kuondoka alikaa sebuleni, kiti kilekile, mimi kwangu. Wawira akaleta chai. Mama akanywa kikombe, akakiweka mezani. Halafu yeye, ambaye tangu arudi tulikuwa tukiamkuana tu, akaniangalia usoni akasema, "Njeru, hiyo chai imebaki?"

Nilimmiminia mwenyewe. Nilijaza mpaka ikamwagika kidogo kwenye sahani.

Sasa sikia nasaha yangu. Nyumba njema si mlango, na bafu jema si vigae. Kabla hujaniambia rangi, niambie ni nani mnyonge kuliko wote atakayeingia humo. Ni mama yako mwenye magoti? Ni mke wako mjamzito? Ni mgeni mwenye haya? Tutamketisha huyo, tutampima kwa kamba, na akistarehe yeye wote mtastarehe. Mlango usiwe mbele za watu. Ukuta ufike juu. Sakafu ishike mguu. Dirisha limwonyeshe mtu kitu kizuri cha Mungu bila kumwonyesha yeye kwa watu. Hata mishumaa yako nitakuwekea, kama ni lazima. Na mke wako akisema neno kuhusu mlango, weka nyundo chini kwanza umsikilize.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na maji yasikauke kwenye tangi lako. Wazee wa pande zote mbili waje kwako wakikohoa na waondoke wakitembea. Na kila mgeni atakayeketi kwako, awe mkwe au mpita njia, anywe chai yake mpaka aombe ya pili.