Siku Tulimupa Mufilipino Kiti

Nilikuwa bado mutoto wakati tonton yangu, ndugu mudogo wa mama, alishuka muto Lomami kutoka Opala na nguruwe moja ndani ya mutumbwi. Alimufunga miguu na kamba ya musitu, lakini nguruwe ndani ya mutumbwi hana kazi ingine, anatafuna tu. Alitafuna kamba yote. Walipokaribia soko ya Isangi, akaruka ndani ya maji. Watu wakasema amekufa. Wapi. Aliogelea kama muvuvi wa Yanonge, akatokea kule kwa misioni, na muke wa katekista akasema huyu ni Mungu amemuleta. Tonton alibishana mupaka jua ikashuka. Mwisho wakamupa kichwa, tena imeshapikwa. Alikula yote, akasema nguruwe ya Mungu iko tamu kuliko ile yake.

Nafikiri ni kutoka pale nilipenda wale nyama. Masomo sikufika nayo mbali, bon, nguruwe hawaulizi diplome. Hapa Kabondo, mutaa ya mujini, niko na banda yangu ya nguruwe nyuma ya nyumba, na majirani wanalalamikia harufu mwaka muzima, mupaka Noeli ikaribie. Pale wanaanza kunisalimia kwa heshima: papa umelala je, papa mugongo iko je.

Mufilipino alikuja kwangu wakati moja wa Noeli kama hivyo. Alikuwa fundi wa mashini kwa kiwanda ya mbao, na nywele yake ilikuwa bado nyeusi. Watoto walimufuata wakimuita Mushinwa, ni kusema Muchina. Yeye aligeuka, akawaambia kwa Swahili yetu hii hii: "Mushinwa iko kule anauza sahani. Mimi Mufilipino." Alitaka nguruwe nzima, asikatwe hata mukia. Nikamufuata nione. Alimupitisha mianzi kutoka mudomo mupaka nyuma, akakaa kumuzungusha juu ya makaa polepole, sawa mutu anabembeleza mutoto asilie. Ngozi ikawa nyekundu, ikivunjika kwa meno kama biskuti. Kutoka siku ile alikuwa mutu wangu.

Na alikuwa mutu wa kila mutu. Siku ya yenga, ile ya kusali, kisha ya misa, alipita kutengeneza mashini za kusaga mihogo, jenereta ya parokia, hata redio ya bibi moja kipofu ambayo kwa kweli haikuharibika, bibi alitaka tu kuongea. Miaka ilipita hivyo. Nywele yake ikawa nyeupe, yangu ikaisha kabisa.

Alafu tukasikia kiwanda inamupumuzisha kazi, anaweza kurudi kwao, kule aliacha muke. Mutaa yote ikawa na wasiwasi. Tukakutana kwangu, tukakubaliana kumufanyia sikukuu ya kumushukuru, lakini sitadanganya, shukrani ilikuwa nusu. Nusu ingine ilikuwa kumuzuia. Kwetu, watu wa muto, mutu mwenye kupewa kiti mbele ya watu amekuwa mutu wa nyumba. Hawezi kuondoka bila kuomba ruhusa, na kazi ya wenye nyumba ni kumunyima. Muke yangu alisema tumukalishe mara moja, kabla hajafungua mudomo.

Kwa ile wiki Mufilipino alikuja kununua nguruwe. Nikamuchagulia munene, nikifikiri ni ya wenzake wa kazi.

Siku ikafika, watu wakajaa kwa lupango yangu, ndani ya uzio ya nyumba. Wamama walivaa kitambaa ya namna moja, na yeye walimushonea shati ya kitambaa ile ile. Muke yangu ndiye alisimamia vyungu: lituma ya ndizi za kuponda, sombe ya majani ya mihogo, samaki ndani ya majani. Mufilipino akakalishwa kwa kiti, watu wakapiga makofi. Chefu wa mutaa akaanza hotuba, akafika pale anasema papa huyu tutamuzika sisi wenyewe, hapa hapa. Mufilipino akacheka kwa adabu.

Pale vijana wawili wa kiwanda wakaingia na mianzi kwa mabega, na juu yake nguruwe yangu, ameiva, anangaa.

Kwetu mugeni wa heshima akileta chakula yake, ni kusema anaogopa yako. Muke yangu akaweka mwiko chini, akaenda kusimama mbele yake.

"Papa, chakula yetu iko na nini?"

Mufilipino akasimama. Akachukua mukono wa muke yangu, akaugusisha kwa paji ya uso wake, vile wanafanya kwao kwa mutu wa kuheshimu.

"Mama, yenu iko muzuri. Lakini kwetu, mwenye kuondoka ndiye analisha wenye kubaki."

Basi tukajua. Sisi tulipika kumushika, yeye alipika kutuaga. Watu wote wakamutazama muke yangu, sababu ni yeye mwenye nyumba, ni yeye alikuwa na lile neno la kumunyima ruhusa.

Muke yangu akamuuliza: "Muke yako angali anakungojea?"

"Alichoka kungojea. Sasa ananikasirikia kwa simu, kila asubui."

Muke yangu akafikiri. "Mwanamuke mwenye angali na kasirani hajakusahau," akasema. "Alors, nenda. Lakini kwanza tukule."

Tulikula, eh. Ngozi ya nguruwe na lituma, sikujua vinapendana hivyo. Chefu hakumaliza hotuba, mudomo ilijaa. Kisha wamama wakamumwangia Mufilipino poda, vile tunamwangia watoto wenye kushinda mutihani, mupaka akawa mweupe kichwa, kope na mabega. Alipiga chafya, akacheza, akapiga chafya tena.

Ngoma ilipokuwa bado moto, alinishika bega kidogo. Akatoka kwa mulango ya lupango, akashika barabara na ile poda yake, wenye pikipiki wakimupigia honi kama kwa bwana arusi. Alikwenda polepole, mikono ndani ya mifuko, akakata kona ya kanisa, na hakurudi tena.