Saa Tano ya Chifu

Phelesia Nyamweya anauza mahindi na maharagwe hapa Karungu, na kibanda changu cha cherehani kiko ubavuni mwa stoo yake. Alitoka Kisii na mizani yake na Sabato yake, na sijaona mtu wa kumtenga na kimojawapo. Sumu ya panya haiingii stoo. "Chakula ya watu hiyo," husema. Badala yake ana Chifu, paka dume wa kijivu.

Mwaka jana Chifu alivimba tumbo huku mgongo ukibaki mifupa. Hata omena, vile vidagaa vya ziwani, akaikataa, na paka wa Karungu akikataa omena, ujue mambo yameharibika. Ochieng wa bodaboda akasimama mlangoni.

"Mathe, hiyo paka iko na mimba."

"Ni dume."

"Basi ni hongo. Chifu gani hana tumbo?"

Soko lilicheka. Phelesia alimtia Chifu kikapuni, nami nikamsindikiza mpaka Homa Bay kwa Wesley, daktari wa mifugo.

Wesley alimchoma sindano tumboni, akavuta maji ya manjano yanayovutika kama mboga ya mrenda. Akaeleza kwamba ni virusi vya paka vilivyogeuka vikali mwilini, wala binadamu hawaambukizwi.

"Miaka michache iliyopita ningekuambia tumdunge tu sindano afe bila maumivu," alisema. "Sasa kuna vidonge. Ni vya kuagiza, ni bei, na ni kila siku, saa ileile, karibu miezi mitatu. Ukiruka, ugonjwa unarudi na anakufa."

"Kwani mimi ni mtu wa kuruka?"

Huku nyumbani watu wakasema paka hupatikana bure, achukue mwingine. Nayachukia maneno hayo. Mtu akikufanyia kazi miaka mingi, siku akiugua unatafuta mwingine? Wapo wanaofanya hivyo, na tunawajua.

Vidonge vilifika asubuhi moja saa tano. Phelesia akambana Chifu taya, akamsukumia cha kwanza papo hapo, mkono ukichanwa na kucha. Basi saa ikawa hiyo. Hakuikumbuka Sabato. Saa tano ndipo mahubiri yanapopamba moto, naye alikuwa shemasi, anakaa mbele kabisa.

Sabato ya kwanza aliinuka, viatu vikigonga sakafu, akavuka barabara kwenda stoo, akarudi. Ya pili vilevile. Ya tatu, Mzee Angwenyi, mzee wa kanisa letu, akamngoja nje.

"Dada Phelesia, ni vizuri kweli paka ikutoe kwa ibada?"

"Inanitoa kidogo tu, mzee. Narudi."

"Si usongeshe saa?"

"Daktari alisema saa ni ileile."

"Basi chagua. Shemasi hawezi kuwa mtu wa kutoka-toka."

Mimi ningemtajia yule ng'ombe wa Yesu katika Injili, anayetumbukia kisimani na kuopolewa hata siku ya Sabato. Phelesia alitoa funguo za kanisa mkobani, akaziweka kwenye kiganja cha mzee, akaenda zake. Sabato iliyofuata alikaa benchi la nyuma.

"Hapa ni karibu na mlango," aliniambia.

Kila Jumapili alimpima Chifu kwenye mizani ya maharagwe, maana kipimo cha dawa hufuata uzito. Wateja walinung'unika, wakasubiri. Kwanza uzito ulishuka, maji yakipungua tumboni, na hapo niliogopa. Phelesia alikaza roho. Kisha mbavu zikaanza kujificha, macho yakang'aa, na omena ikaanza kupotea kwenye beseni la jirani. Tulifurahi wote isipokuwa jirani.

Vidonge vilipoisha, Wesley alimpima damu, akasema atazidi kumwangalia miezi mingine, lakini kwa anavyoona, paka amepona. Habari zikafika kanisani kabla yetu.

Sabato iliyofuata mhubiri alikuwa Mzee Angwenyi. Saa tano ilipofika akakatiza mahubiri, akatazama benchi la nyuma kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Phelesia akainuka.

"Dada," mzee akasema kutoka mimbarini, "si dawa imeisha?"

"Imeisha, mzee. Naenda tu kumwona akiwa mzima."

Viatu vyake vikagonga mpaka mlangoni. Nami nikainuka, nikamfuata.