Trei mbili za mayai ya mama mkwe zimeharibika kwenye incubator yangu, na mashine haikuwa na kosa

Wakuu, habari za humu ndani.

Nawaandikia nikiwa nyumbani Ikungi, mahali ninapopatikana siku zote. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu yumo humu jukwaani anasoma kimya kimya, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni mtu wa ndani. Natengeneza simu sebuleni, mke wangu ndiye anazunguka minadani na nguo zake. Elimu yangu ni form four, na Biology nilipata D. Mkumbuke hiyo D mnapoendelea kusoma.

Mwaka jana nilinunua incubator ndogo, mashine ya kutotolesha mayai. Nikaanza na mayai ishirini ya jirani, yakatoka vifaranga kumi na sita. Basi nikajiona mkunga. Kila aliyeleta simu kubadilisha kioo alihutubiwa kwanza kuhusu joto na unyevu.

Kipindi hicho ugonjwa wa kuku, kideri, ukapita Sepuka, kwa mama mkwe wangu. Banda likaisha. Wakabaki mitetea watatu na jogoo mmoja.

Sasa wakuu, wale kuku si kuku tu. Ni mbegu aliyopewa na mama yake siku anaolewa. Wekundu, miguu ya njano, wakubwa hasa. Amewatunza miaka yote hiyo, amelea nao watoto, akiwemo huyu aliyenioa. Samahani, niliyemuoa.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama asiwaache kuku waatamie. Kuku akiatamia anaacha kutaga. Alete mayai huku, siku ishirini na moja tu nampa banda lake."

Hakuna aliyeniomba. Nilijitolea.

Mama akaja mwenyewe na trei nzima, mayai thelathini. Masafi, yanang'aa kama ya kwenye picha. Nikayaweka.

Siku ya saba nikamulika kwa tochi ya simu. Mengi yalikuwa na duara la damu tu, maana yake kiini kilianza kikafa mapema. Siku ya kumi na tano moja likapasuka humo ndani. Ile harufu sitaieleza, wengine mnasoma huku mnakula.

Mwisho wa siku, kifaranga sifuri.

Hapo ndipo nikaanza troubleshooting, na ndipo D yangu ilipofanya kazi.

Nikasema ni joto. Nikaweka thermometer ya pili, zikasoma sawa.

Nikasema ni upepo wetu huu wa Singida unaokausha mpaka midomo. Nikahamisha mashine kutoka dirishani, nikaongeza maji, humidity ikakaa sawa.

Nikasema ni mimi kufungua mfuniko kuwaonyesha wageni. Nikaufunga kwa kamba. Mke wangu akauliza kama nimefunga mayai au nimefunga mbuzi.

Mama akaleta trei ya pili. Safi vile vile.

Matokeo yale yale. Duara la damu, harufu, sifuri.

Mnaojua mambo haya mmeshashtuka. Mashine iliyototoa mayai ya jirani inashindwaje na ya mama mkwe? Swali zuri. Mimi sikulifikiria, nilikuwa nimeshafungua feni kwa bisibisi.

Na hata ningelifikiria, ningemuulizaje? Mama mkwe wangu simuhoji. Namsalimia nikiangalia chini, najibu ninachoulizwa, naondoka. Kumuuliza "mama, mayai yako umeyafanya nini?" ni sawa na kumwambia ameniletea takataka.

Mke wangu akasema, "Safari hii utaenda kumwambia mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa msemaji wa mashine yako."

Nikapanda bodaboda mpaka Sepuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kumbe na wewe huwa unatoka nje?"

Nikamwambia trei ya pili nayo imekufa. Akasema, "Pole. Umehangaika." Yaani mimi ndiye niliyepewa pole. Halafu akaingia jikoni, nikasikia purukushani nyuma ya nyumba.

Baadaye ukaja ugali wa mtama na kuku, firigisi imewekwa pembeni kwa heshima yangu. Nikaila. Ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Nikiwa natafuna, naangalia mlango wa uani, namwona mama amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni la maji yenye povu. Anachukua yai, analisugua kwa kitambaa, anasuuza, analiweka juani likauke. Yai moja baada ya jingine, kwa upole, kama anaogesha mtoto.

"Nakuandalia mengine," akasema. "Yamefika ishirini na sita. Nasubiri trei ijae."

Nikajikaza. "Ya chini ni ya siku nyingi mama?"

"Ya tangu niliporudi kutoka kwenu mara ya mwisho. Sasa nitampelekea mkwe mayai kumi? Tena yenye kinyesi?"

Wakuu, nikarudisha tonge kwenye sahani.

Yai lina utando wake wa juu unaozuia vijidudu. Ukiliosha kwa sabuni unauondoa, uchafu unapenya ndani. Na yai la kutotolesha likizidi siku saba mpaka kumi linaanza kuchoka. Mama alikuwa ananiletea mayai ya wiki tatu, yaliyooshwa, kwa sababu ananiheshimu. Angekuwa ananidharau kidogo tu, saa hizi tungekuwa na kuku hamsini.

Nikatafuta pa kuanzia. Nikaona niulizie jambo jepesi.

"Na jogoo yuko wapi mama? Sijamsikia."

Akaangalia sahani yangu.

"Si huyo unamla."

Ndiyo. Asingemchinjia mkwe mtetea anayetaga, na maharage hawezi kuniwekea mbele. Kwa hiyo jogoo wa mwisho wa mbegu ile alikuwa kwangu, nusu kwenye sahani, nusu tumboni.

Nikatoka kama naenda chooni, nikampigia mke wangu. Nilipofika kwenye sabuni alicheka. Nilipofika kwenye jogoo akaacha.

"Umemla jogoo wa mama?"

"Nimeletewa."

"Mpe simu."

Wakaongea Kinyaturu. Mimi Mnyiramba, nakisikia nusu nusu, lakini kimya cha mama nilikielewa chote. Alinirudishia simu, akaenda akamwaga lile beseni kwenye shina la mpapai.

Kilichotuokoa ni uzi mmoja wa zamani humu humu. Kuna mdau alieleza kwamba mtetea hubaki na mbegu ya jogoo tumboni, anaweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki moja na zaidi kidogo baada ya jogoo kuondoka. Kwa hiyo tulikuwa na siku hizo tu. Zikipita, mbegu ya bibi yake mke wangu imeishia kwenye mboga.

Siku kumi zile mimi, mtu wa ndani, nilienda Sepuka kila baada ya siku moja. Mayai mawili, matatu, yakiwa na kinyesi chake. Nayapakata kwenye sufuria, nimeyazungushia kanga, bodaboda naiomba iende taratibu mpaka baiskeli zinatupita. Mama alikuwa ananikabidhi huku anaangalia pembeni. Kunipa mayai machafu kulimuuma kweli, nilimwona.

Yalifika kumi na matatu, nikayaweka kwenye mashine. Nikamulika siku ya saba, matatu meupe, hayana kitu ndani, nikatoa. Yakabaki kumi.

Siku ya ishirini akaja kwetu. Akaweka kiti mbele ya mashine, akakaa na kitenge chake magotini. Kesho yake asubuhi ganda la kwanza likapasuka. Mpaka mchana wakawa wanane, wamelowa, wamechoka, wanalia.

Akawaangalia muda mrefu. Halafu, bila kunigeukia, akasema, "Kwa hiyo yale mengine niliyaua mimi."

Nikasema, "Hapana mama. Mashine ilikuwa bado haijawazoea kuku wako."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Wewe baba, hata kudanganya hujui."

Sasa wana miezi mitatu, wako Sepuka. Watatu wameanza kuota upanga kichwani, kwa hiyo majogoo wapo. Mama ameniambia niende kusalimia muda wowote, ila nijiandae kula maharage.

Nilichojifunza: yai likigoma, usianze na bisibisi. Anza na safari ya lile yai, limetagwa lini, nani amelishika, limefanywa nini. Na kama aliyelishika ni mtu usiyeweza kumuuliza, tafuta anayeweza, mapema, kabla hujakaribishwa chakula.

Kuna vifaranga wawili waliofia kwenye ganda wakiwa wametoboa tayari. Nadhani unyevu siku tatu za mwisho ulikuwa mdogo, lakini mnajua Biology yangu. Wazoefu naombeni maoni. Na wenye wakwe, semeni tu, najua siko peke yangu.