Tepe za Kabibi

Kabibi alikuwa na bidii, na bidii nyingine ni balaa, tusidanganyane. Aliingia staji, yaani kujifunza kazi, kwenye maktaba ya watoto ya Rumonge, mji wa Burundi kando ya ziwa, mwaka ule wa vita ambao shule yao ilifungwa kabla hajamaliza, na siku ya kwanza alifagia chumba kilichokuwa kimeshafagiliwa. Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko. Mkuu wake alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Uvira, Madamu Rachelle, mtu wa maneno machache, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Vitabu vya zamani pale vilikuwa vya watoto wa mbali. Watoto wanateleza kwenye theluji, bibi zao wanaoka keki, mbwa analala kitandani. Watoto wa Rumonge walivisoma kwa adabu tu, kama mtu anavyokula chakula cha ugenini. Ndipo Madamu Rachelle akaomba huku na huku, akasumbua watu, mpaka makasha mapya yakaanza kufika: hadithi za Kirundi za watoto wa milimani na ng'ombe wao, hadithi za Kiswahili za watoto wa chuo cha Kurani na sikukuu ya Idi, hadithi za wavuvi wa upande wa Kongo.

"Mutoto akijiona mu kitabu, kesho atarudi," alimwambia Kabibi. "Hiyo ndiyo kazi yako ya staji. Kila mutoto ajione." Kisha akapanda gari kwenda Bujumbura kufuata makasha mengine. Huku nyuma barabara ikafungwa kwa sababu ya risasi, naye akakwama huko.

Haya, mwachie mtu wa bidii nyumba peke yake uone. Kabibi aliomba mabaki ya tepe kwa fundi cherehani. Vitabu vya Waswahili wa mjini akavifunga utepe wa kijani, vya ziwa na Kongo wa buluu, vya milimani mwekundu. Akapanga meza tatu. Mtoto akiingia anaulizwa kwao wapi, anaelekezwa meza yake, anapewa kitabu cha rangi yake. Kabibi aliona ameyatimiza maneno ya Madamu vilivyo. Watoto nao, kwa kuwa hawana hila, walizifurahia rangi.

Sasa, Kabibi huyu alizaliwa mtaa wa Waswahili, na mtaa ule ulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyefundishwa wala asiyeijua. Mtoto akiletwa nyumba ya jirani, huulizi katoka wapi. Anapewa jina, anapewa sahani, anapelekwa chuo, na baada ya muda ni mtoto wa mtaa kama wengine. Miaka ile ya kuuana kwa kabila, swali la "kwenu wapi" lilikuwa linaua watu. Kabibi aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alipovuka kizingiti cha maktaba alidhani ameingia mahali pengine, mahali pa kisomo, ambapo mambo ya mtaani hayamhusu.

Miongoni mwa wasomaji wa meza ya kijani alikuwapo Zena, mtoto wa miaka tisa hivi, mtandio kichwani, aliyekaa kwa Mwanahamisi muuza samaki wa kukaanga pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Alasiri moja Kabibi alimwona amechukua kitabu cha utepe mwekundu, anacheka peke yake. Akamuuliza anacheka nini. Zena akamwonyesha picha ya mama anakamua ng'ombe.

"Hajamuleta ndama anyonye kwanza," Zena akasema. "Maziwa haitashuka. Atapigwa teke bure."

Kabibi akafurahi kupita kiasi. Hapa ndipo alipomwona mtoto kajiona kitabuni, maneno ya Madamu yametimia mbele ya macho yake, na furaha ikampandisha sauti. "Kumbe wewe ni wa milimani! Na mimi nakukalisha meza ya kijani siku zote hizi. Njoo, meza yako ni hii hapa."

Mlangoni walikuwapo kina mama wakingojea watoto wao, na dirishani vijana wa mjini, wale wa kukaa tu, walikuwa wameegemea wakipiga soga. Zena alikifunga kitabu polepole. "Mimi ni wa Mama Mwanahamisi," akasema, akatoka nje.

Kesho yake Zena hakuja. Kesho kutwa meza yote ya kijani ilikuwa tupu. Siku hiyo barabara ikafunguliwa, Madamu Rachelle akarudi na makasha yake juu ya lori la chumvi, akasimama mlangoni akizitazama zile meza. Akauliza watoto wako wapi. Kabibi akamweleza yote, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi yanavyosikika.

Madamu akavua miwani. "Nilisema mutoto ajione," akasema. "Sikusema watu wamuone. Na kile kitabu cha ng'ombe, ni nani alikuambia iko cha watoto wa milimani peke yao? Nilikileta ili na wewe ukisome." Akachukua mkasi mezani. "Mimi nitakata hizi tepe. Wewe nenda kwa yule mama."

Kabibi akaenda mwaloni. Mwanahamisi alikuwa mbele ya karai lake la mafuta ya mawese. Kabibi akamwamkia shikamoo, na yule mama akageuza samaki kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo akaitikia marahaba.

"Leo umekuja kumuuliza nani kwao wapi?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama."

"Radhi nitakupa. Haitamsaidia mtoto." Akaongea bila kuinua macho. "Jana vijana walipita hapa, samaki hawakununua. Waliniuliza huyu mtoto kazaliwa wapi. Nikasema ni wa dada yangu wa Nyanza-Lac, huku huku ziwani. Wakacheka, wakaniuliza, dada yako tangu lini anafuga ng'ombe? Watarudi, Kabibi. Huyo mtoto nililetewa usiku, hana mtu mwingine. Mtaa mzima unajua na mtaa mzima ulinyamaza. Wewe tumekulea sisi wenyewe, na wewe ndiye uliyesema."

Kabibi akalia. Mwanahamisi akamwacha alie, kisha akasema lile alilokuwa amelifikiria usiku kucha. Maji yakimwagika hayazoleki. Lililosemwa halirudi tumboni, ila linaweza kufunikwa na neno jingine. Marehemu Hadija, dada yake Kabibi, aliwahi kukaa Bugarama, kule milimani, kwa biashara ya mawese. Kama Hadija angezaa huko, mtoto wake angejua Kirundi cha mlimani, angejua na ng'ombe. Hapo nani angeuliza zaidi?

"Dada hakuolewa, mama. Na hakuzaa."

"Najua hakuzaa," Mwanahamisi akasema. "Mimi ndiye niliyemwosha alipokufa, na mwosha maiti hamsemi marehemu. Ndiyo maana siwezi kulisema mimi. Aseme mama yako."

Jamani, kuna maneno ambayo kuyabeba kutoka mwaloni mpaka nyumbani ni safari. Mama yake Kabibi, Bi Mwanvua, alikuwa amebaki na kitu kimoja cha Hadija, nacho ni jina lake. Kila mama wa mtaani akimkanya binti yake alisema, mtazame Hadija, aliishi kwa heshima akafa kwa heshima. Bi Mwanvua mwenyewe hakuweza kumwongelea. Tangu mazishi, habari za Hadija zikianza nyumbani, yeye huinuka akaenda uani.

Safari hii hakuinuka. Alimsikiliza Kabibi mpaka mwisho.

"Unataka nimzalishe mwanangu kaburini," akasema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alitamani mama yake amtukane, ampige hata, lakini Bi Mwanvua alitandika msala akaswali, kisha akaenda kulala. Asubuhi walikunywa chai. Kabibi akaenda kazini akapanga vitabu visivyo na tepe, hajui anapanga nini.

Ilikuwa saa ya wateja wengi mwaloni Bi Mwanvua alipopita mbele ya maktaba, amevaa kanga zake za kutokea. Kabibi akaacha kila kitu akamfuata. Wale vijana walikuwapo, wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wanawake walikuwa wamelizunguka karai, na Zena yuko nyuma ya Mwanahamisi, anaparua samaki.

"Mwanahamisi," Bi Mwanvua akasema, kwa sauti ambayo Kabibi hakuwahi kuisikia kwake, "nimekuja kumwona mjukuu wangu. Nimekuachia mzigo huu kwa aibu, na aibu yenyewe imenichosha. Mtoto huyu ni wa Hadija. Alimzaa Bugarama bila ndoa, nikamficha."

Wanawake wakatazama chini. Wengi wao walikuwapo msibani, na walijua Hadija hakuacha mtoto. Mwanahamisi akafuta mikono kwa kanga, akamshika Zena bega, akamsogeza mbele.

"Amefanana na mama yake," akasema.

"Sana," akaitikia mama mmoja. "Hata mwendo," akasema mwingine. Vijana wakakaa kidogo, wakaona hakuna wa kumuuliza zaidi, wakaondoka zao.

Zena akarudi maktaba, akakaa meza aliyoitaka. Meza ya kijani haikuwapo tena, na Kabibi hakumuuliza tena mtoto yeyote kwao wapi. Lakini mji ni mji. Wiki nzima kisimani ilikuwa "kumbe Hadija, kumbe naye", na mama za mabinti wakatafuta mtu mwingine wa kumtolea mfano. Bi Mwanvua aliyasikia yote. Alichota maji yake akarudi nyumbani.

Ili uongo ushike, ilibidi Zena aonekane kwa bibi yake kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza alikaa mkekani kama mgeni, akala, akashukuru kwa Kirundi, murakoze. Kabibi alikuwa pembeni anapepeta mchele. Zena akamgeukia Bi Mwanvua, akauliza, "Bibi, wakiniuliza mama yangu alikuwa mutu wa namna gani, nitawaambia nini?"

Ungo ukasimama mikononi mwa Kabibi. Alimwona mama yake ameshika magoti kama anayetaka kuinuka aende uani. Hakwenda.

"Waambie alikuwa anaimba akipika," Bi Mwanvua akasema, "na sauti hakuwa nayo." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaendelea, na mpaka inaadhiniwa magharibi alikuwa bado anamsimulia.